Miba Kwenye Njia ya Nyumbani

Watu wa siku hizi wakitaka kumsifu Mdachi husema alituletea barabara. Nawaacha waseme. Mimi nilikuwapo ilipokatwa, msichana ambaye bado hajaolewa, na ninachokumbuka ni kwamba kabla yake tulikuwa na njia nyingi kuliko hizi tulizo nazo sasa, na wala hakuna aliyetuletea.

Zilikuwa njia za miguu, nyembamba, za kupita mtu mmoja mmoja. Ukitaka kuongea na mwenzako unaongea na kisogo chake. Wageni walizicheka kwa kupindapinda kwake, wakasema sisi Wagogo hatujui kwenda mbele, tunatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Wacheke. Njia zile zilifuata maji. Kila zilipopinda palikuwa na sababu: kisima cha kuchimba mchangani, dimbwi linalochelewa kukauka, kaya ya mtu asiyemnyima mpita njia kata ya maji. Nchi yetu ni kavu, na kiangazi mtu mwenye akili haulizi njia fupi ni ipi. Anauliza atakunywa wapi.

Kulikuwa na desturi moja ya kutembea ambayo lazima niieleze vizuri, maana bila hiyo hutaelewa yaliyotupata. Watu wa safari moja wakiachana, wengine mbele na wengine nyuma, wale wa mbele wakifika njia panda walivunja tawi bichi na kulilaza kwenye njia wasiyoifuata. Huko ndiko kulikuwa kufunga njia. Wa nyuma akifika anaona tawi, anajua wenzake hawakupita huku, wamepita kule. Na yule wa mwisho kabisa, ambaye nyuma yake hakuna tena mtu wa kwao, alikuwa na kazi ya kuliokota lile tawi na kulitupa porini, ili wapita njia wengine wasipotee. Tulisema amefungua njia. Njia ikishafunguliwa, maana yake wote wametangulia na hakuna aliyebaki nyuma.

Miba ilikuwa jambo lingine. Miba iliwekwa kijiji kikiingiliwa na ndui. Watu walikata matawi ya mgunga wakayalundika kwenye njia zote za kuingilia, na wewe ukiyaona hukuita wala hukuuliza, uligeuka ulikotoka. Nilipokuwa mdogo niliyaona mara moja, tulipokuwa tunakwenda kwa shangazi. Mama alisimama, akatua mzigo, akalia pale pale bila kutoa sauti, kisha tukarudi. Dada yangu alikuwa amenishika mkono. Naye aliyaona.

Huyo dada yangu ndiye ninayetaka kumwandika. Alikuwa na mwendo wa pole kupita kiasi. Si mvivu, hapana, alikuwa anatwanga kuliko mimi na mtungi wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, lakini mweke njiani uone. Atasimama kuchuma mlenda. Atasimama chini ya mkole kula matunda yake mpaka midomo ibadilike rangi. Akikutana na mtu asiyemjua atamsalimu, atauliza mvua za kwao, ng'ombe wa kwao, mtoto wa kwao aliyekuwa anaharisha, ambaye ndiyo kwanza anamsikia. Baba alikuwa akisema, "Huyu tukimtuma chumvi leo, mboga itatiwa chumvi kesho." Dada alicheka tu, hakununa hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kununa.

Kwa kuwa siku zote alikuwa wa mwisho, kazi ya kufungua njia ilikuwa yake. Tukishafika nyumbani ndipo tulimwona anatokea, mikono ina harufu ya majani. Na ikitokea mara chache akawa yeye wa mbele, matawi yake ulikuwa huwezi kuyakosea. Alikuwa anachuna majani ya upande mmoja na kuacha ya upande wa pili. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Mdogo wangu, upepo nao unaangusha matawi. Hivi utajua ni mimi."

Aliolewa upande wa Makutupora. Kwetu kulikuwa ng'ambo ya Ihumwa, na kutoka kwao hadi kwetu ni mwendo wa kutwa nzima kwa mtu wa kawaida. Kwake yeye tulisema kutwa na kipande. Mume wake alikuwa kijana mpole, mrefu, mwenye haya. Nilipenda kumtania kwa kuwa ni shemeji yangu, naye alikuwa hajui kujibu, anaangalia chini tu.

Mimba ya kwanza mwanamke alikuwa anakwenda kujifungulia kwa mama yake. Tumbo la dada lilipokuwa kubwa, mimi na mama tukaenda kumchukua. Kilikuwa kiangazi kikali, nyasi zote zimeisha, vumbi tupu. Tulipofika jioni tukaambiwa baba mkwe wake amekwenda kuangalia ng'ombe aliowaweka kwa rafiki yake na atarudi kesho, na bila yeye mkaza mwana hawezi kutolewa nyumbani. Mama hakuweza kungoja. Baba alikuwa na kidonda mguuni, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kunywesha ng'ombe. Wakakubaliana kwamba sisi tutangulie, na dada atafuata siku inayofuata pamoja na mumewe.

"Nitafunga njia," mama akamwambia, "usije ukaota mizizi njiani."

"Mama, nikichelewa si ndiyo nitafika na mtoto anatembea," dada akasema, tukacheka wote. Asubuhi alitusindikiza mpaka nje ya kaya, akashika tumbo kwa chini, akasimama. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa bado amesimama pale.

Njiani tulikuta kitu kipya. Pale kwenye njia panda kubwa, ambapo njia moja inashuka kushoto kupitia korongo la mchanga mpaka kwetu, na nyingine inakwenda kulia kwenye kisima cha zamani kilichokwisha kukauka, palikuwa pamekatwa barabara. Ilikuwa inatokea magharibi na kwenda mashariki, pana, nyeupe, imenyooka vibaya mno. Walikuwa wamevuta kamba, wakakata kila kilichokuwa chini ya kamba. Reli ilikuwa inakuja, tulisikia, na barabara ilitakiwa kwa ajili ya mizigo yake. Mama alisimama katikati yake akaitazama mbele na nyuma. Akauliza, "Sasa hawa watakunywa wapi?" Akavunja tawi la mkole, akalilaza kwenye njia ya kulia kama kawaida, tukaivuka ile barabara tukashika njia yetu ya kushoto. Kwenye korongo tulifukua mchanga, tukanywa, tukafika nyumbani jua linazama.

Yaliyofuata huko nyuma niliyajua baadaye, ila nayaweka hapa ili yaeleweke.

Asubuhi ile ile tuliyoondoka, askari walifika kwa jumbe wa kule kwa dada wakitaka watu wa kazi ya barabara. Shemeji alikamatwa visimani, ndoo yake ya ngozi ikiwa bado mkononi. Hakupewa nafasi hata ya kurudi nyumbani kuaga. Mtu aliyekataa alijua kinachomngoja, hamsa ishirini za kiboko. Jioni yake baba mkwe aliporudi, alimwambia dada kesho aende tu, asimngoje mumewe, maana hakuna ajuaye atarudi lini na mtoto hangoji mtu. Kaya nzima ilikuwa imebaki na wazee na wagonjwa, hapakuwa na wa kumsindikiza. Dada alisema hakuna shida. Njia anaijua, na mama amemfungia.

Na huko kwenye barabara, mnyapara alikuwa ametoa amri nyingine. Watu walikuwa hawaitumii barabara, walikuwa wanaivuka tu na kuendelea na vijia vyao, na mabwana wakubwa walikuwa wamechukizwa. Basi ikaamriwa kila kijia kinachotoka barabarani kizibwe, watu wapite barabara wapende wasipende. Ile njia ya kisima kikavu hawakuihangaikia, haikuwa na wapitaji. Ya kwetu waliiziba. Waliiziba kwa kitu kilichokuwa karibu, matawi ya mgunga, miba mitupu, wakailundika mpaka kiunoni, kisha wakasogea mbele kuziba nyingine.

Ndipo dada yangu akafika.

Nimefikiri sana alivyosimama pale. Kulia kwake tawi la mkole, bichi bado, mkono wa mama anaujua. Kushoto kwake, kwenye njia ya nyumbani, miba. Kama asingeliona lile tawi labda angejiuliza maswali. Lakini aliliona, akajua mama amefika hapa salama, na aliyefika hapa ndiye aliyeweka na hii miba. Angedhani nini kingine? Angedhani kwamba tulifika nyumbani tukakuta ndui, na mama akarudi mbio mpaka njia panda kumzuia asiingie na mimba yake. Ndivyo alivyodhani. Hata mimi ningedhani hivyo.

Sisi nyumbani tulimngoja mpaka giza. Baba akatania kidogo, "Yuko kwenye mkole," lakini hakuna aliyecheka. Alfajiri mama akabeba kibuyu cha maji, akaniambia twende.

Tulipotokea upande wa ndani wa ile miba, tukaiona, mama alishtuka hata akakaa chini. Kisha akasema, "Kwetu hakuna ugonjwa. Nani ameweka hii?" Akasimama upesi mno. Alikuwa amekwisha kuelewa, mimi bado. Tulizunguka porini tukatokea barabarani, na pale nikaona tawi lingine, limelazwa barabarani upande wa magharibi, kuifunga. Lilikuwa limechunwa majani ya upande mmoja.

"Amekwenda kwa mjomba wako," mama akasema.

Mjomba alikaa mashariki, mbali, barabara ile ilikuwa inaelekea huko huko. Dada alikuwa amewaza kama mtu mwenye akili: kama nyumbani kuna ndui, waliopona watakimbilia kwa mjomba. Na kwa sababu alikuwa mtoto mwema, aliyefunzwa, alitufungia njia ili kama kuna aliyepona na anatafuta ndugu zake, ajue yeye amepita wapi.

Tukaanza kufuata. Barabara haikuwa na kivuli, walikuwa wamekata kila mti. Maji hayakuwapo. Kila kijia kilipokutana na barabara na watu wa mnyapara hawajakiziba, tulikuta tawi lake. Mwanzoni yalikuwa matawi ya kweli, ya urefu wa mkono. Baadaye yakawa madogo. Nilikuwa nayaona kabla ya mama, nikawa sitaki kuyaona. Sehemu moja palikuwa na kijiti tu chenye majani machache, naye alikuwa amechuna ya upande mmoja. Nikaanza kulia. Mama akaniambia ninyamaze, nitumie macho.

Tulimkuta pembeni ya barabara, chini ya mgunga mdogo ambao kamba iliuepuka. Alikuwa amelala ubavu, amekunja miguu. Mama alimtia maji mdomoni kidogo kidogo kwa kiganja. Akafumbua macho, akatutazama, kwanza mama kisha mimi, muda mrefu, kama mtu anayehesabu watoto.

"Nani amebaki?" akauliza.

"Wote wapo, mwanangu," mama akasema. "Hakuna ugonjwa. Hakuna aliyekufa. Baba yako anakungoja."

"Na miba?"

"Si yetu. Ni ya barabara."

Akatabasamu. "Basi nimewalilia bure," akasema. "Njia nzima nimewalilia."

Mama akanituma nikatafute watu wa kumbeba. Nikakimbia mbele kwenye barabara ile niliyokwisha kuichukia, mpaka nikasikia sauti za majembe na mashoka. Walikuwa wengi, wanaume wa vijiji vyote vya kwetu. Kando yao watu kadhaa walikuwa wanaburura matawi ya mgunga kuziba kijia. Mmoja wao alikuwa shemeji. Mikono yake ilikuwa imechanwa mpaka kwenye viwiko.

Nikasema, "Dada." Akaangusha tawi akakimbia. Mnyapara alipiga kelele, lakini wenzake wakamzunguka mnyapara wakaanza kumbembeleza wote kwa pamoja, na wawili wakanifuata mimi.

Kwetu mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja huingia porini mwenzake apite. Siku ile shemeji alikwenda moja kwa moja akapiga magoti karibu na mama, bega kwa bega, na mama hakujifunika uso. Alikuwa amemlaza dada mapajani. Dada alikuwa amekwisha kufa, na mtoto wake tumboni.

Mama hakuwa na ugomvi sautini. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza habari, "Pale njia panda, nani aliweka miba?"

Shemeji akanyoosha mikono yake ile. "Ni sisi, mama," akasema. "Nilidhani bado yupo kwetu ananingoja."

Nilijaribu kumchukia, sikuweza. Nilitafuta mtu wa kumchukia, nikamkosa karibu. Wenye amri walikuwa mbali, na wale waliokuwa karibu wote walikuwa wanalia.

Tulimbeba kurudi nyumbani kwa ile ile barabara. Wanaume walitangulia na machela ya miti, mimi nikafuata, mama akawa wa mwisho. Tulipofika kwenye kile kijiti, mwanamume mmoja wa nyuma, mtu mzima mwenye adabu zake, aliinama kukiokota akitupe, kama desturi inavyotaka. Tulikuwa tumekwisha kumpata tuliyekuwa tunamtafuta, nyuma yetu hapakuwa na mtu.

"Kiache," mama akasema.

"Mama, wapita njia watapotea."

"Wapotee."

Akakiacha. Tukayaruka matawi yote, moja baada ya jingine, mpaka njia panda. Pale wanaume waliiondoa miba kwa hasira, wakaitupa huku na huku, na kesho yake nikasikia waliitwa wakairudisha. Lile tawi la mkole la mama mwenyewe nalo halikuguswa.

Shemeji alichapwa kwa kuacha kazi, akarudishwa barabarani mpaka ikaisha. Alipoachiwa alikuja kwetu mara moja kuomboleza, akakaa nje, hakuingia ndani ya tembe. Baadaye alihamia mbali na sikumwona tena.

Baba alianza kupita barabarani kama watu wengine, maana mguu wake ulitaka mahali palipo sawa. Mama hakuipita. Ikimbidi kuivuka aliivuka, lakini kuifuata hakuifuata, hata mvua inyeshe na vijia vijae tope. Alipita porini kandokando yake, nguo zikikamatwa na vichaka, na mimi nilipita naye. Watu walisema amerukwa na akili kwa ajili ya mwanawe. Niligombana na wengi kwa maneno hayo, maana mimi ni mtu wa ugomvi, lakini pengine walisema kweli.

Yale matawi mchwa waliyala masika hayo hayo. Mdachi mwenyewe aliondoka, wakaja wengine. Barabara ile nayo mvua iliikata, treni ikaifanya haina kazi, na leo ukipita huwezi kujua ilikuwa wapi. Njia yetu ya korongoni nayo haipo. Watu walikwisha kuizoea nyingine.

Mama aliishi sana. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alikuwa haoni tena, na mara nyingi alikuwa hajui mimi ni nani. Siku moja mchana nilikuwa namnywesha uji. Akakisukuma kikombe, akanishika mkono, akaupeleka puani akaunusa. Nilikuwa nimetoka kuchuma mboga.

"Wewe ndiye wa mwisho?" akauliza.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Umefungua njia?"

Nikasema, "Bado."

Akautoa mkono wangu puani taratibu, akauweka juu ya shuka, akaupigapiga kidogo kama anavyofanyiwa mtoto.

"Usifungue," akasema. "Yule anatembea polepole."